Mkono Nilioamuru Ukandwe

Ikiwa umekaa kwenye benchi la hospitali nje ya chumba cha picha, mkono umeufunga kwa leso shingoni na vidole vimevimba hadi pete haitoki, basi haya nimekuandikia wewe. Sina la kukufundisha kuhusu mifupa. Hayo utaambiwa na wenye kuyajua, nawe uyasikilize kuliko nilivyoyasikiliza mimi. Nitakueleza tu siku zinavyokwenda ukishavunjika, na jambo moja ambalo sikulisema mahali lilipopaswa kusemwa. Nimeandika kwa kidole gumba cha kushoto kwenye simu, na imenichukua wiki nyingi, kwa hiyo nivumilie pale nitakaporuka.

Mimi ni mkandaji. Ama niseme nilikuwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini wanawake wa Bongwe na Ukunda wakishajifungua walikuwa wakiniita niwakande kwa maji ya moto yenye majani ya mkwaju, kitambaa kizito na mafuta ya nazi, mpaka arobaini itimie. Wapo niliowakanda wao, kisha nikawakanda binti zao. Jina langu ni Bi Mishi, na Bi Mishi alikuwa na mikono, hilo hata wasionipenda walikubali. Mzazi akilia nilimwambia alie atakavyo lakini asisogee. Nilikuwa na kiburi na mikono yangu, sifichi.

Nilianguka mwezi wa kwanza, wakati wa kaskazi, jua likiwa kali hata lami inang'ata. Nilikuwa nimepanda bodaboda kwenda Diani kwa mzazi wa siku ya tatu. Nilikaa upande kwa sababu ya buibui, mkono mmoja umeshika kikapu chenye chupa ya mafuta, wa pili haukushika kitu. Mbuzi akakatiza barabara, mwendeshaji akafunga breki, nami nikateleza. Nilikinga kikapu kwa mkono wa kushoto, nikajitegemeza chini kwa wa kulia. Chupa haikuvunjika. Mkono ulipinda mahali pasipo na kiungo, katikati ya kiwiko na kiganja, nikaugusa mwenyewe pale pale nimekaa mchangani, nikajua kwamba mifupa yote miwili ya kigasha imekwenda.

Kuna walioniambia nipelekwe kwa muunga mifupa nikafungwe fito. Nilikataa, na ni jambo moja la akili nililofanya mwaka ule. Nikapelekwa hospitali, nikakaa kwenye benchi kama hilo ulilokalia wewe, tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Benchi lilikuwa na msumari uliochomoza, na kila aliyekuja alionywa na aliyemtangulia. Tulikuwa tunasogea kidogo kidogo, na kila aliyesogea alimwonyesha mwenzake msumari. Mpaka leo nikifikiria ugonjwa wangu nakumbuka ule msumari kabla ya kukumbuka maumivu.

Riziki alinikuta pale. Ni binti yangu, na ndiye peke yake niliyebaki naye, kwani baba yake alishafariki. Ameolewa Msambweni. Wakati ule alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya kwanza, hata tumbo bado halijaonekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiangalie mkono."

"Nimeshauangalia."

"Basi usilie. Watu wananijua hapa."

Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Binti hurudi, hujifungulia kwao, hukandwa na kulishwa hadi arobaini, ndipo arudishwe kwa mumewe. Riziki alitarajiwa kujifungua mwezi wa saba. Katika yote niliyoyawaza pale kwenye benchi, nililolishika ni hilo moja. Nimekanda wana wa watu maisha yangu yote, na wangu nimkande kwa mikono yangu mwenyewe.

Nililazwa siku nane kabla ya kupasuliwa, kwa sababu uvimbe ulitakiwa ushuke kwanza. Kitanda cha pili alikuwa Mama Mutua, Mkamba mwenye shamba kule bara ya Lungalunga, aliyevunjwa mkono wa juu na ng'ombe wake mwenyewe. Yeye alivunjika wa kushoto, mimi wa kulia. Chungwa alilimenya yeye nikiwa nimelishika mimi. Siku ya kwanza chakula kilipokuja nilikiangalia tu, maana kula kwa mkono wa kushoto mbele ya watu sikuweza. Mama Mutua aliona. Alitoka kitandani kwake, akaketi kwangu, akanimegea ugali kwa mkono wake wa kulia na kunilisha, siku zote nane. Alikuwa akisema sala yake kwanza, nami nasema bismillahi yangu, halafu tunakula. Nilimpenda mwanamke yule, na sikupata kumwona tena.

Nilipoamka kutoka kwenye nusukaputi, kinywa kikavu, niliuona mkono umefungwa bandeji nyeupe kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Daktari, msichana wa bara mwenye sauti ya upole, alinionyesha picha. Vyuma viwili virefu vilikuwa vimelazwa juu ya mifupa na kukazwa kwa skrubu, mstari umenyooka vizuri.

"Mum, hii kazi imekaa poa sana," alisema. "Sasa ni wewe. Vidole ukunje na ukunjue kila saa. Lakini usibebe kitu, usiiloweshe, na mtu asikuguse hapo na mafuta ama maji moto. Hakuna kukanda. Tumeelewana?"

Nikamwambia tumeelewana. Moyoni nilisema, mtoto wa juzi huyu, anajua chuma, mimi najua nyama. Kwani wangapi wamenijia wamekakamaa kama mti nikawalegeza? Niliamini kwamba maneno yale ni ya watu wasiojua kukanda, na kwamba mimi simo.

Wiki ya tatu nyuzi zilikuwa zimeshatolewa na kovu limefunga. Vidole vilikuwa vigumu. Nilijaribu kukunja ngumi nikashika hewa tu. Hofu iliniingia hapo, kwa sababu mkandaji asiyekunja ngumi ni nani? Nikamwita Riziki, aliyekuwa amehamia kwangu kunitunza, nikamwambia ateleke maji na kuchuma majani ya mkwaju.

"Daktari alikataza, mama."

"Daktari amewahi kukandwa?"

"Mimi sijui kukanda."

"Utajua leo. Utamkanda nani huko mbele kama hukuanza na mama yako?"

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Kitambaa kikitoka kwenye maji kikamuliwe, kiwekwe juu ya kovu, kishindiliwe kwa kiganja. Kisha mafuta. Kisha kuvuta, kutoka kiwikoni kwenda chini, na kuzungusha kigasha kulia na kushoto ili kilegee. Alikuwa anagusa juu juu tu. Nikamcheka. Nikamwambia kaza, tumia uzito wa mwili, hujaumbwa kwa unga. Akakaza. Tulifanya hivyo kila asubuhi baada ya chai kwa siku kumi. Siku ya tisa nilisikia kitu kikikwaruza ndani, nikanyamaza. Siku ya kumi kovu lilichirizika usaha.

Nilifunika kwa leso siku nne nyingine, nikimwambia Riziki ni joto. Harufu ndiyo iliyonifichua. Mtu anayekupa chai na kugeuza uso amekwisha kukueleza kila kitu.

Tulipofika kliniki, picha ilionyesha chuma kimoja kimenyanyuka kutoka kwenye mfupa, skrubu tatu zimetoka nje. Daktari yule yule aliishika picha kwenye mwanga kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akauliza, akituangalia sote wawili:

"Hii mkono nani amekuwa akiikanda?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mgonjwa. Riziki amesimama nyuma yangu na tumbo lake la miezi minne. Ukutani palikuwa na karatasi ya kuonyesha namna ya kunawa mikono, nikaisoma. Niliisoma yote, picha ya kwanza hadi ya mwisho. Nilijua ninalotakiwa kusema. Bi Mishi, mkandaji wa Bongwe, ameuharibu mkono wake mwenyewe kwa kukanda, na nje pale kwenye benchi walikuwepo wanawake watatu wanaonijua, na mlango ulikuwa wazi.

"Ni mimi, daktari," Riziki akasema.

"Ulikuwa unataka kumsaidia mamako ama kumlemaza? Si mliambiwa?"

"Tuliambiwa."

"Sasa?"

"Nimekosa. Nisamehe."

Daktari akainama kwenye faili akaandika. Nami niliendelea kusoma ile karatasi. Hayo ndiyo niliyokuja kukueleza. Mengine ni ya mwili, na mwili hauna haya.

Walinipasua mara ya pili mwezi wa tatu, wakatoa vyuma vyote na kusafisha. Nikakaa wodini na dripu wiki tatu. Kisha wakaniwekea vyuma vya nje, fimbo inayopita juu ya ngozi na misumari inayoingia hadi mfupani, na nikaivaa masika yote. Mvua ilipiga mabati, nami nimekaa barazani na mkono juu ya mto. Mkono ulikonda. Ngozi ilibambuka vipande vipande, nywele zikaota kwenye kigasha ambazo hazikuwepo, kucha zikakoma kukua. Riziki alikata mkono wa buibui langu na kushona tepe za kufungia ili vyuma vipite. Alishona vizuri sana. Lakini misumari ilitakiwa kusafishwa kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na hilo alikataa.

"Nitamwita jirani," alisema.

"Ni kupangusa tu, Riziki."

"Nitakuharibu tena, mama. Nitamwita jirani."

Kutoka siku ile ya kliniki hakuwahi kunigusa. Kikombe alikiweka mezani, hanipi mkononi. Leso alinitupia begani kwa mbali. Nilikuwa naona. Kila siku nilisema moyoni, leo nitamwambia, na kila siku jua lilitua nikiwa nimemwambia habari za mboga. Unaweza kudhani ni rahisi kumwambia mtoto wako maneno matano. Nami nilidhani hivyo.

Mwezi wa sita waliondoa vyuma vya nje na kunifunga plasta. Picha ikaonyesha mfupa haujashikana. Pale katikati palikuwa na uwazi, nami nikazoea kuhisi kigasha kikichezacheza ndani ya plasta nikijigeuza. Wiki hiyo hiyo alikuja Bi Mwanahamisi, mavyaa wa Riziki, yaani mama mkwe wake, kutoka Msambweni. Alikuja kwa adabu, na leso mbili na halua, akauliza hali, akaulizia majirani, akanywa chai. Halafu akaweka kikombe chini.

"Bi Mishi, nimekuja na ombi, na ukilikataa sitakasirika."

"Sema, dada yangu."

"Mtoto amekaribia. Nawe hali yako ndiyo hii. Tulikuwa tunaona Riziki aje kujifungulia kwetu. Najua si desturi."

Nilimwangalia Riziki. Nilitaka aseme la, atakaa kwa mama yake, hata akandwe na mtu wa kukodiwa lakini awe chini ya paa langu. Riziki alikuwa anaangalia mikono yake.

"Unaonaje, mwanangu?"

"Nitakwenda kwa mavyaa," alisema.

Alijifungua mwezi wa saba, mtoto wa kiume, salama, alhamdulillahi. Nilipewa habari kwa simu. Nilikwenda kumwona siku ya arobaini kama wageni wengine, nimevaa leso mpya na plasta chini yake. Nyumba ilijaa wanawake na moshi wa ubani. Walimleta mtoto nimpakate. Nikanyoosha mikono yote miwili. Wa kushoto ulifunguka, wa kulia ulibaki umelala kifudifudi ndani ya plasta, haugeuki. Bi Mwanahamisi akamweka mtoto kwenye wa kushoto na kumshikilia upande wa pili yeye mwenyewe, ili nisione aibu.

Baadaye akaninong'oneza jikoni.

"Riziki hamwogeshi mtoto."

"Kwa nini?"

"Anasema mikono yake haina heri. Nikimwambia amkande kidogo tu miguu, analia. Mimi namwogesha tangu siku ya kwanza. Kuna jambo lilitokea kwenu?"

Ilikuwa nafasi ya pili, na safari hii hapakuwa na daktari wala faili, palikuwa na mwanamke mwema mmoja na sufuria ya pilau. Nikamwambia kwamba wazazi wa kwanza huwa na woga, utamtoka. Yeye ni mtu wa heshima, akakubali. Nilirudi ukumbini nikaketi na wageni.

Mwezi wa tisa walinipasua mara ya tatu. Walichukua mfupa kutoka nyongani na kuujaza pale palipokosekana, wakaweka chuma kipya. Nyonga iliniuma kuliko mkono. Nilitembea kwa kuegemea ukuta wiki nzima. Safari hii nilifuata kila neno. Nilimwona mtaalamu wa mazoezi mara mbili kwa wiki, bwana mcheshi aliyekuwa akinipa fimbo niizungushe huku akinihadithia vituko vya kuku zake. Nilikuwa nacheka na machozi yakinitoka. Vidole vilirudi. Ngumi ikarudi nusu. Kiganja kilikataa kugeuka.

Mwezi wa tatu mwaka huu picha ilionyesha mfupa umeshikana. Daktari alikuwa mwingine, kijana wa hapa hapa pwani. Alinipa hongera. Nikamuuliza kiganja kitageuka lini.

"Bi mkubwa, sitakudanganya. Hakitageuka zaidi ya hapo. Utashika, utabeba kitu chepesi. Lakini kazi ya kukanda iache."

Alisema akifunuafunua faili langu nyuma, kurasa nyingi, kisha akasimama mahali. "Naona hapa ilikuwa inakwenda vizuri mwanzoni. Halafu imeandikwa binti alimkanda mgonjwa baada ya kukatazwa."

Nikamwambia, "Andika kwamba niliyeamuru ni mimi. Binti yangu alikataa, nikamlazimisha. Mimi ni mkandaji."

Aliniangalia. Mlango ulikuwa wazi na benchi la nje limejaa, na sauti yangu haikuwa ndogo. Akasema yaliyokwisha kuandikwa hayafutwi, lakini anaweza kuongeza mstari. Nikamwambia aongeze. Akauongeza, nami nikasimama pale hadi alipomaliza, nikamwomba anisomee.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi, usikubali kukandwa kovu lenye chuma chini yake, hata na mama yako, hata kama mkandaji ni wewe. Na ukiulizwa nani, sema. Siku ile ile sema. Sikuahidi kwamba mkono utapona kwa kusema, wangu haukupona. Nakuambia kwa sababu ya lililofuata.

Nilitoka kliniki nikaenda moja kwa moja Msambweni. Riziki alikuwa uani anaanua nguo, mtoto amekaa kwenye mkeka, ana miezi minane na meno mawili. Alinisalimia, nikamwitikia. Sikungoja kuketi. Nilimwambia yote, ngumi, hofu, wale wanawake watatu kwenye benchi. Nikamwambia imeandikwa sasa, ipo kwenye faili, na daktari amenisomea. Nikamwomba msamaha kwa jina lake.

Alikunja nguo aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya nyingine.

"Siku ile kilichovunjika kilikuwa mkono, mama," alisema. "Mdomo ulikuwa mzima."

"Najua, mwanangu."

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nikawa nangoja. Hata baada ya kusema ni mimi, nikawa nangoja."

Alisema amenisamehe, kwani mtoto atamfanyaje mamake, na nikaamini kwamba hakusema uongo. Aliniletea maji, akayaweka juu ya kigoda karibu yangu. Mtoto alikuwa amejichafua mchanga hadi nyweleni. Nikamwambia, taratibu, "Mwogeshe basi, Riziki, nikuone. Mikono yako haina kosa lolote."

Alimwangalia mtoto, akaangalia mikono yake, akaipangusa kwenye leso ingawa haikuwa na kitu.

"Mavyaa," aliita kuelekea ndani, "njoo umwogeshe mtoto."